Tumbawe la Kwanza Chang'ombe: Litoke Wapi, na Litapitaje Kaskazi?

Kwa mkazi wa pwani, tumbawe ni jiwe kabla halijawa kitu kingine. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe, nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar vilevile, na chokaa iliyoshikanisha mawe hayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Mafundi wa zamani walikata tumbawe bichi baharini lingali laini, wakalichonga nakshi za mihrabu na milango kabla halijakauka. Karne nyingi za ujenzi zimeacha fikra hiyo vichwani: tumbawe ni kitu cha kukata, kuchonga na kuchoma.

Siku hizi picha zinazozunguka kwenye simu zimeleta fikra ya pili: tangi la kioo sebuleni, taa ya buluu, na ndani yake matumbawe yanayopepea kama maua. Chang'ombe, mtaa wa viwanda, vyuo na viwanja vya mpira, hauko mbali na bahari, na ukaribu huo ndio unaofanya jambo lionekane jepesi. Wapo wanaosema tumbawe lichukuliwe tu majini kwa kuwa ni mali ya Mungu. Wapo wanaosema liagizwe nje. Wapo wanaosema lisiguswe kabisa. Wote wana sehemu ya ukweli, lakini mabishano yao huruka swali linaloamua mengine yote: ni nini hasa kinachoua tumbawe ndani ya nyumba ya Dar es Salaam?

Mnyama mwenye shamba mwilini

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni mnyama, jamaa wa yavuyavu. Kinachoitwa tumbawe moja mara nyingi ni ukoo mzima wa polipi, yaani vimwili vidogo vyenye mdomo katikati na minyiri kuuzunguka. Matumbawe magumu huchota kalsiamu majini na kujijengea mifupa ya chokaa. Ndiyo yaliyojenga miamba ya Mafia na Bongoyo. Matumbawe laini hayana mifupa ya namna hiyo, bali nyama yenye chembechembe za chokaa zilizotawanyika ndani.

Katika nyama ya matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na humpa mwenyeji wake hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Ni mnyama mwenye shamba mwilini. Mwanga ukikosekana shamba halizai; joto likizidi, mnyama hulitapika shamba lenyewe. Rangi huondoka, weupe hujitokeza, na tumbawe hubaki hai lakini na njaa. Hali hiyo huitwa kupauka.

Pwani ya Afrika Mashariki iliiona kwa ukubwa wake mwaka 1998, El Niño ilipoipasha Bahari ya Hindi. Mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia, ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Mwaka 2016 joto likarudi, na Aprili 2024 taasisi ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, ikatangaza upaukaji wa dunia nzima kwa mara ya nne. Hakuna mahali maji yalipohitaji kuchemka. Nyuzi moja tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu wiki kadhaa, inatosha.

Ikiwa bahari nzima inazidiwa, lita 100 kwenye sebule iliyoezekwa bati zinazidiwa kwa mchana mmoja.

Joto la kaskazi na uniti za luku

Maelekezo mengi ya ufugaji wa matumbawe yametoka Ulaya na Marekani, ambako adui wa kwanza ni baridi, na hita ni miongoni mwa vifaa vya mwanzo kununuliwa. Chang'ombe hita haina kazi karibu mwaka mzima. Adui ni kaskazi. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana Dar es Salaam hupita nyuzi 31, usiku haupoi vya kutosha, na taa na pampu huongeza joto lake majini. Tangi lililotulia kwenye nyuzi 26 mwezi Julai linaweza kufika 30 mwezi Februari bila mwenyewe kubadilisha chochote. Wafugaji wenye uzoefu hulenga nyuzi 24 hadi 27. Ndiyo maana anayeanza msimu wa kusi hudhani amefaulu: miezi ile hali ya hewa inamfanyia nusu ya kazi.

Njia ya bei nafuu ya kupoza ni feni inayopuliza juu ya maji. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto, na tangi hushuka nyuzi moja hadi tatu. Kasoro yake ni kwamba hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hivyo mvuke hautoki kwa wepesi kama bara. Tena kinachopotea ni maji matupu, chumvi inabaki. Anayejazia kwa maji ya bahari huongeza chumvi kila siku mpaka viumbe wanaungua. Pengo la mvuke hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, bila kusubiri mwisho wa wiki.

Njia ya pili ni mashine ya kupoza maji. Hii hufanya kazi kweli, lakini hesabu yake ifanywe kabla ya kununua. Mashine ya wati 200 ikifanya kazi saa 12 kwa siku hula uniti 2.4, sawa na uniti 72 kwa mwezi. Kundi la matumizi madogo la TANESCO lina kikomo cha uniti 75. Tangi moja, kabla ya friji, taa na televisheni, linaweza kuitoa nyumba katika kundi hilo. Na joto linalotolewa majini haliendi popote ila chumbani, hivyo chumba kisicho na madirisha mapana huipa mashine kazi isiyoisha.

Hapo mafundi wa mtaani huingia, na Chang'ombe, yenye chuo chake cha VETA, haina upungufu wa watu wenye mikono mizuri. Fundi friji anaweza kubuni kipoza maji kutokana na friji kuukuu. Hatari iko kwenye bomba. Mabomba ya friji mara nyingi ni ya shaba, na shaba iliyozamishwa kwenye maji ya chumvi huyeyuka kidogo kidogo na kuua matumbawe, konokono na kamba, hata kabla samaki hawajaonesha dalili. Vipoza maji vya bahari hutumia titani kwa sababu hiyo. Fundi vioo naye aulizwe gundi anayotumia: silikoni ya madirisha na mabafu mara nyingi huwekwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haifai ndani ya tangi. Tena dawa ya mbu ya kupuliza, ambayo katika nyumba nyingi hutumika kila jioni, huvutwa na pampu ya hewa hadi majini. Mambo haya matatu yanatosha kumaliza tangi lenye vipimo vizuri.

Umeme ukikatika? Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulifundisha nyumba nyingi kupanga kipi kiwashwe kwanza. Uzalishaji wa Bwawa la Julius Nyerere ulioanza Februari 2024 umeleta nafuu, lakini nguzo ikianguka mtaani bwawa halisaidii. Tumbawe hustahimili siku moja ya giza. Baharini pia mawingu ya masika huziba jua. Lisilostahimili ni maji yaliyosimama, kwa sababu oksijeni hushuka ndani ya saa chache. Betri ndogo iliyopo itumike kwa pampu, taa ingoje.

Maji yanayofaa, na mahali pa kuyateka

Maji ya bahari ni faida halisi ya Dar es Salaam. Mfugaji wa Dodoma hana budi kununua chumvi maalumu na kuichanganya. Wa Chang'ombe anaweza kuvuka Kigamboni na madumu. Tangi la lita 100 likibadilishwa maji asilimia 10 kila wiki huhitaji dumu moja la lita 20 kwa wiki mbili. Maji hayo huja na kalsiamu na madini mengine kwa uwiano wake wa asili.

Lakini si kila maji ya chumvi ni maji ya tumbawe. Karibu na mdomo wa Mto Msimbazi au ndani ya bandari maji hubeba taka za jiji, na wakati wa masika mito huyapunguzia chumvi kando ya ufukwe. Maji hutekwa mbali na midomo ya mito, bahari ikiwa imejaa, na si siku chache baada ya mvua kubwa. Huchujwa kwa kitambaa kizito, huwekwa gizani kwenye chombo kilichofunikwa, kisha hupimwa: chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, amonia sifuri. Kwa kujazia mvuke, maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya Temeke vina chumvi au nitreti. Yanayofaa zaidi ni yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa madini.

Hoja ya kwanza: bahari iko hapo hapo

Wanaotaka kuvunja kipande majini wana hoja ambayo haistahili kudharauliwa. Tumbawe la hapa limezoea maji ya hapa, ambayo hupanda hadi karibu nyuzi 29 au 30 kaskazi inapoishia. Halipandi ndege, halileti vimelea vya ng'ambo, na halina gharama ya fedha za kigeni. Mvuvi na mtoto wa ufukweni hulijua kwa macho.

Udhaifu wa hoja hii unaanzia kwenye muda. Tumbawe la Porites, lile la mviringo kama mbuyu uliokatwa, hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Bonge la kimo cha mtu linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko jiji lenyewe. Aina zenye matawi hukua haraka zaidi, pengine sentimita 10 kwa mwaka, lakini hizo hizo ndizo za kwanza kufa kwenye tangi la mwanafunzi. Kisha kuna majeraha ya zamani. Miamba ya Mbudya na Fungu Yasini imepigwa baruti kwa miaka mingi; vipande vilivyosalia ndivyo mbegu ya mwamba ujao.

Sheria nayo iko wazi mahali ambapo watu hupendelea kwenda. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa mwaka 1975. Sinda, Makatobe na Kendwa vikaongezwa 2007. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 hairuhusu kuvunja wala kuondoa matumbawe humo bila kibali. "Kipande kimoja tu" ni hoja inayoweza kutolewa na kila mmoja wa mamilioni ya wakazi wa jiji hili, na hapo ndipo inapoporomoka.

Hoja ya pili: kipandikizi kilichokuzwa

Kipandikizi ni kipande kidogo kilichokatwa kutoka kwa tumbawe mama lililo kwenye tangi au shamba, kikabandikwa kwenye kijiwe na kuachwa kipone. Faida yake kubwa ni kwamba kimekwisha kuzoea taa, pampu na chakula cha tangi. Hakuna mwamba uliovunjwa kwa ajili yake, na mkulima anaweza kukata tena mwakani.

Gharama na karatasi ndizo kikwazo. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali cha nchi yanakotoka, yawe ya porini au ya kukuzwa. Matumbawe laini mengi hayamo humo, ingawa mwagizaji bado anapaswa kupita kwa mamlaka za uvuvi na afya ya viumbe. Hata mwenye karatasi zote hutegemea sera za wengine: Indonesia, muuzaji mkubwa wa matumbawe hai duniani, ilisitisha usafirishaji mwaka 2018 na baadaye ikaurejesha.

Kuna hatari nyingine ambayo wapenzi wa matangi huipita haraka mno. Kiumbe cha ng'ambo kikimwagwa baharini hakirudi dukani. Pwani ya Venezuela imevamiwa na tumbawe laini la Unomia stolonifera, lililotoka Bahari ya Hindi na Pasifiki na linalohusishwa na biashara ya matangi. Limefunika nyasi za bahari na matumbawe ya wenyeji. Anayechoka na tangi Chang'ombe na kumwaga vilivyomo Kigamboni kwa kuwa anavionea huruma anaweza kufanya madhara makubwa kuliko aliyevunja kipande kimoja.

Ujuzi wa kukuza vipandikizi, kwa bahati nzuri, umeshafika pwani hii. Shimoni na Wasini nchini Kenya, na karibu na Mnemba huko Zanzibar, vipande hufungwa kwenye fremu chini ya maji ili kurudisha miamba iliyoharibika. Kazi hiyo ni ya kuokoa mwamba, si ya kupamba sebule. Lakini inaonesha kwamba shamba dogo lenye kibali, likikuza matumbawe laini ya hapa hapa, lingeondoa kwa pamoja kasoro za hoja ya kwanza na ya pili. Mamlaka zinazohusika zingefanya vyema kulifikiria.

Hoja ya tatu: liachwe

Wanaopinga ufugaji kabisa husema: anayetaka kuona matumbawe aende Mbudya na miwani ya kuzamia, au kisiwa cha Chumbe huko Zanzibar, ambako mwamba umelindwa tangu 1994. Hoja ni nzito. Nyumba isiyo na umeme wa uhakika si mahali pa mnyama asiyeweza kuhama. Na mpenzi wa samaki ana mbadala wa heshima: vigege wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wanaotafutwa dunia nzima, hawahitaji chumvi wala taa kali.

Hata hivyo, boti ya Mbudya ina nauli, na watoto wengi wa Temeke wanaoishi kilomita chache kutoka baharini hawajawahi kuona polipi akifungua minyiri. Mtu hulinda anachokijua. Kwa sababu hiyo tangi moja kwenye shule, au katika chuo cha ualimu kama DUCE kilichopo Chang'ombe hapo hapo, lina uzito mkubwa kuliko matangi 20 ya sebuleni: gharama zinagawanywa, zamu za usimamizi zinapangwa, na walimu wa biolojia wa kesho wanalisoma.

Lipi liwe la kwanza?

Kwa atakayeendelea, uchaguzi wa aina ni uchaguzi wa bili ya umeme. Matumbawe magumu yenye matawi, kama Acropora, yanataka mwanga mkali. Mwanga mkali ni joto. Joto linaleta mashine ya kupoza. Yanataka pia kalsiamu na ukali wa maji visivyoyumba. Ni mazuri mno, na si ya kuanzia.

Matumbawe ya uyoga, Discosoma, yako upande wa pili. Hutosheka na taa ndogo ya LED, hupenda mkondo mpole, na madini yake hutoka kwenye yale maji ya kubadilisha tu. Hayana umbo la kushangaza wageni, na huo ndio udhaifu wake wa pekee wa maana. Yanayofuata ni matumbawe ya ngozi, Sarcophyton, jamaa ambao hupatikana pia kwenye miamba ya Tanzania. Haya hujifunga kwa siku kadhaa na kuvua ngozi ya juu. Wasiojua huyatupa yakiwa hai. Hutoa pia kemikali zinazodhoofisha majirani magumu, hivyo mkaa maalumu wa kuchujia huwekwa kwenye chujio.

Duniani kuna tumbawe laini linalouzwa kwa jina la "mti wa Kenya", Capnella. Ni gumu kuua, lakini hudondosha vijitawi na kujaza tangi. Xenia, linalofumba na kufumbua kama ngumi, huenea hivyo hivyo. Zoanthus ni la rangi za kuvutia na hukua vizuri, ila lenyewe na jamaa zake wanaweza kubeba palitoksini, miongoni mwa sumu kali kabisa za asili. Mawe yenye viumbe hao hayachemshwi wala kusuguliwa kwa mikono mitupu. Mvuke wenye sumu hiyo umelaza familia nzima hospitalini katika nchi kadhaa. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, lisiwe la kwanza.

Matunzo yenyewe hayana siri. Kipandikizi kipya huzoezwa maji ya tangi taratibu, huanzia mahali pa mwanga hafifu na kuongezewa mwanga kwa wiki mbili au tatu. Hakisogezwi kila siku. Nitreti kidogo inafaa, kwani maji yasiyo na lishe kabisa huyadhoofisha matumbawe laini.

Mizani

Hoja ya kuvunja mwambani inashindwa, kwa sheria na kwa hesabu ya miaka. Hoja ya kuliacha inashinda kwa nyumba nyingi, na hilo lisemwe bila kuogopa kuwavunja moyo wapenzi. Kipandikizi cha tumbawe laini kinashinda kwa nyumba chache zilizothibitisha kitu kimoja: kwamba maji yake hupita kaskazi salama.

Uthibitisho huo haununuliwi. Tangi lianzishwe Oktoba, na mawe, mchanga na maji tu. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujenga mzunguko unaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti. Desemba waingie konokono na samaki mmoja au wawili. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi joto liandikwe daftarini kila siku saa tisa alasiri, pamoja na saa za kukatika umeme na lita za maji zilizojaziwa. Mei, kusi ikishika, tumbawe la kwanza la uyoga linaweza kuingia.

Lakini kipimajoto kikisoma zaidi ya nyuzi 28 kwa wiki mbili mfululizo mwezi Februari, tangi hilo libaki la konokono na samaki, na tumbawe libaki Sinda.